Kizimba cha Isa

Glasgow, 9 Februari 1997

Effie mwenzangu,

Salamu zinatangulia na mvua inafuata, maana huku haijakatika tangu Krismasi. Mimi mzima, isipokuwa goti limegoma kupanda ngazi. Najua nyie huko Dunedin, kusini mwa dunia, mnaota jua mwezi huu, wala sioni wivu hata kidogo. Mwongo mimi.

Sasa kaa kitako. Nyumba yetu ya kufulia inafunguliwa tena! Ile ile ya Mtaa wa Kerrow. Si kwa kufulia, nani siku hizi anatoka nje kwenda kufua? Itakuwa pahali pa kukaa: chai na supu, watoto kuchezea, dansi Jumamosi. Tangu waifunge mwaka sabini na nane walikuwa wanakaa njiwa tu. Mwaka juzi ilibaki kidogo ibomolewe, pawe maegesho ya magari. Tukasimama mlangoni wanawake wa mtaa mzima na vigari vya watoto vimejaa nguo chafu kama zamani, mimi mbele na Isa, mwanamke yule na pumu yake. Isa hakuishi kuona matunda, Mungu amrehemu, ila aliliona tingatinga likirudi nyuma, na alilizomea.

Msanifu wa majengo ni binti, anaitwa Shona Abernethy. Nilidhani ataleta michoro ya vioo na chuma kinachong'aa. Badala yake alikuja na stuli, akakaa katikati ya ukumbi mtupu asubuhi nzima bila kufanya kitu. Nikamwuliza, "Mwanangu, unasubiri basi?" Akajibu, "Bi. Galbraith, nyumba hii inapiga kelele hata ikiwa tupu. Nataka kujua kelele inatoka wapi." Nikamwambia, "Ungeikuta na wanawake arobaini na masufuria ya sabuni, ungehama mji." Akacheka, akanikaribisha kwenye stuli. Tangu siku hiyo nampenda.

Sasa anakusanya kumbukumbu za tuliofulia pale. Anasema hataki kutengeneza jumba zuri ambalo watu wataogopa kuliingia. Nami nikakukumbuka wewe. Kizimba chako cha kufulia kilikuwa karibu na boila, cha Isa kikafuata, changu kule mlangoni kwenye baridi. Andika lolote unalokumbuka, hata matusi.

Wako,
Netta Galbraith


Dunedin, 2 Machi 1997

Netta,

Umenitoa machozi kabla ya kifungua kinywa, ushindwe!

Nakumbuka yote. Karo za mawe, maji ya moto yasiyokwisha, rafu za kuanikia tulizozivuta ukutani, mvuke mzito hata humwoni unayemsengenya. Na mwangwi wake! Mtu akipiga chafya mlangoni, wewe wa kwenye boila unamwambia "Afya!" ukidhani yuko nyuma yako.

Lakini kuna jambo sijapata kumsimulia mtu, na nitakuambia wewe kwa sababu Isa hayupo tena kuona haya. Majira yale ya baridi ya hamsini na nane, Alasdair wangu alipofariki. Alikuwa hata hajaota jino. Wiki mbili baada ya mazishi mama mkwe akaniambia nguo hazijifui. Nikaenda Ijumaa, nikaingia kizimbani kichwa chini, nikafunga mlango. Nikakuta ndani ya furushi mashuka yake yale madogo. Nikashindwa hata kufungua bomba.

Nililia, Netta. Nililia kwa sauti. Halafu juu ya ule ukuta wa jiwe, upande wa kizimba cha Isa, ikaja mikono katikati ya mvuke, ikachukua mashuka yangu, ikaenda nayo. Baadaye yakarudi yamefuliwa, yamekamuliwa, na juu yake kipande cha mkate, kile cha ncha tulichokiita kisigino, na jamu ya tangawizi. Hakusema neno. Ijumaa iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata, mpaka majira yakageuka na mimi nikaweza kufungua bomba mwenyewe. Nilikuwa natoka mlango wa nyuma ili nisikutane na mtu. Mlangoni kwake palikuwa pameandikwa kwa chaki, ISA.

Sikumshukuru kwa mdomo. Ungeweza? Kwetu pale jambo likishafanywa halitajwi. Nikahamia huku, nikawa namwandikia kila Krismasi, "Sitasahau wema wako." Nilikuwa nimeapa nitarudi siku moja nimtazame usoni nimwambie asante kamili. Nikachelewa. Hilo linaniuma kuliko goti lako linavyokuuma wewe.

Na wewe bibi! Majira hayo hayo ulikuwa unaimba kule mlangoni ule wimbo wa kanisani, kila Ijumaa, sauti ya bata aliyekanyagwa. Nilikuwa nakuombea kwikwi. Isa ananifulia upande huu, wewe unatupigia kelele upande ule, ndiyo nikajua watu hawafanani.

Naomba kitu kimoja. Kama vizimba vitabaki, kile kiandikwe jina lake. Mwambie huyo Shona.

Effie Lockhart


Glasgow, 17 Machi 1997

Mwanangu Shona,

Nakuandikia kwa sababu mbele ya kamati sitaweza kulisema hili. Nimesikia ofisi inayotoa fedha inataka kuta za vizimba zing'olewe ili ukumbi uwe wazi na mweupe. Pigana nao. Nitakupa sababu, nawe uifunge mdomoni.

Soma barua ya Effie niliyoiambatisha. Umesoma? Sasa sikiliza. Isa alikuwa na pumu. Kizimba chake kilikuwa karibu na boila na mvuke ulikuwa unamkaba, kwa hiyo kila Ijumaa tulibadilishana: yeye mlangoni kwenye hewa, mimi kwake. Msimamizi alikuwa hataki watu wabadilishane, ukikamatwa unapoteza zamu yako ya wiki nzima. Ndiyo maana majina ya chaki tuliyaacha yalivyo. Kila mtu pale alikuwa anafanya hivyo, chaki ilikuwa inasema lake na sisi tunafanya letu. Effie angelijua hilo siku yoyote nyingine, lakini majira yale alikuwa hainui macho.

Mikono ilikuwa yangu. Niliimba ili kilio chake kisisikike, maana wanawake wa pale, Mungu awabariki, wangekuja kumi na tano kumbembeleza na angekufa kwa aibu. Nikaona heri wanichukie mimi. Na kweli walinichukia.

Isa hakuelewa kamwe zile kadi za Krismasi. Alikuwa ananiambia, "Huyu Effie ana shukrani jamani, nilimkopesha sabuni mara moja tu!" Nami nilikuwa nacheka, namwachia. Alipofariki, Moira binti yake akasoma kadi moja kanisani, kanisa zima likalia. Sasa nimwendee Moira nimwambie si mama yako? Sifanyi hivyo. Kiandike jina la Isa, na mimi nitashika ngazi.

Ila ukuta ule usiuondoe, wala usiushushe. Uache mkono upite juu yake kama ulivyokuwa unapita.

Netta Galbraith


Glasgow, 28 Mei 1997

Mpendwa Bi. Galbraith,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa nagombana na watu.

Kuta zinabaki. Siri yako sikuitumia, nilitumia mchoro. Nilichora ukumbi wao mweupe, nikawauliza: mama aliyekuja peke yake na mtoto mchanga atakaa wapi? Mzee asiyetaka kutazamwa atakaa wapi? Mkahawa ulio wazi pande zote huishia kujaa watu wa pembeni tu, katikati hapakaliwi. Vizimba vyenu vilikwishatatua hilo kabla sijazaliwa: umefichika, na bado uko na wenzako. Mwisho walikubali. Kila kizimba kitakuwa na meza ndogo na benchi, na mabenchi yatatokana na mbao za zile rafu za kuanikia. Nimezigusa, zimekuwa laini kwa miaka ya mashuka.

Matofali ya kijani hatuyafuniki. Chumba cha boila kinakuwa jiko. Ukuta wa barabarani, uliokuwa hauna dirisha ili wapita njia wasiwaone mmepandisha mikono ya nguo, nautoboa madirisha mapana, ili apitaye aone watu na aingie.

Kilichonisumbua ni mwangwi. Watu wakiwa hawasikilizani wanapaza sauti, wakipaza hawarudi tena. Kati ya mihimili ya chuma, chini ya vioo vya paa, nimeweka vibao vyembamba vilivyoachana kidogo, na sufu ya kondoo mgongoni mwavyo. Mwanga unapita, sauti inashikwa. Tulijaribu upande mmoja wiki hii. Fundi alikohoa, na kwa mara ya kwanza tukajua ni fundi yupi.

Naomba nikuulize mara moja tu, kisha nisikuulize tena: una hakika na jina la Isa?

Kwa heshima,
Shona Abernethy


Glasgow, 1 Juni 1997

Shona,

Nina hakika. Na hongera kwa ugomvi.

Netta G.


Glasgow, 14 Septemba 1997

Effie wangu,

Kwanza, mwandiko wako. Umenenepa! Barua yako ya Julai ilikuwa na mistari mitano ukurasa mzima, kama tangazo la bucha. Huko karatasi zinaokotwa? Au ndiyo kuringa kwa mtu mwenye pensheni mbili?

Pili, jumba. Effie, sijui nikuambieje. Jana Shona alituita wachache tulionusurika, akafungua mlango bila hotuba. Wameusafisha ule moshi wa miaka kwenye vioo vya paa. Tulifulia pale miaka kumi na tano na sikujua kwamba jua linafika mpaka kwenye karo! Karo zimebaki, baadhi wamepanda maua, baadhi watoto wanachezea maji. Pale kwenye mashine za kukamulia pana sakafu ya dansi. Jikoni wanapika supu ya shayiri ambayo si mbaya, ingawa wananyimana chumvi.

Nilidhani nitaona huzuni. Nilikuwa nimebeba leso mbili. Lakini Moira wa Isa alikaa kwenye kizimba kimoja, akaweka miguu juu ya benchi kama mama yake, akasema, "Chai iko wapi?" Basi, ikawa yetu tena. Tulipoijua sisi ilikuwa nyumba ya kazi, mtu haendi pale ila amelemewa. Sasa wanaingia kwa sababu wanataka tu kuingia. Nilimshika Shona mikono yote miwili nikamwambia, "Umetupa kitu ambacho hatukujua kukiomba." Akatazama viatu vyake. Watu wa huku, unatujua, ukimshukuru mtu anatafuta pa kujificha.

Kizimba cha Isa kina jina lake. Kibao cha shaba, herufi nzuri, nimekipigia brashi mwenyewe. Chako kiko pembeni yake, hakina jina kwa sababu bado uko hai, usijitie haraka.

Ufunguzi ni Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Tunaimba kidogo, na nimekwishaonywa nisimame nyuma. Njoo, Effie. Ukija utakaa kwako. Njoo umshukuru Isa mlangoni kwake, najua haitakuwa sawa na kumwona, lakini itakupunguzia.

Netta


Dunedin, 5 Oktoba 1997

Netta,

NAKUJA. Lorna binti yangu ananileta, amekata tiketi.

Mwandiko wangu uache. Nimeuzoea hivi.

Niandalie mto wa kuegemea na usiniimbie.

Effie


Dunedin, 11 Januari 1998

Netta wangu,

Huu ni mwandiko wa Lorna. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupunguza hata neno.

Nikuambie nilichokuficha. Macho yangu yamekwenda. Yalianza mwaka juzi, sasa naona mwanga na vivuli tu. Sikutaka uniandikie barua za huruma, nilitaka zile za matusi. Ndiyo sababu ya mwandiko mnene, na ndiyo sababu nilimng'ang'ania Lorna mkono muda wote tuliokuwa huko. Ulidhani najidekeza. Nilikusikia ukimwambia Moira.

Kwa hiyo kibao cha Isa sikukiona. Nilikipapasa kwa kidole, herufi tatu, nikasema moyoni, "Asante, Isa." Kisha Lorna akaniketisha kwenye kizimba changu. Benchi laini lile, ukuta wa jiwe pale pale ulipokuwa. Nikaona kama kitu kinapita juu yangu, mwanga mwingi, na sauti za watu. Hapo nikashtuka. Kila sauti ilikuwa na mahali pake! Mtoto kule kwenye maji, vijiko jikoni, mwanamke mmoja upande wa dirisha anamsema mumewe. Nilifulia pale miaka na miaka na sijapata kusikia mtu alipo. Nikasema huyu Shona ni mtu wa kuombewa. Nyumba ilipata macho mimi nilipoyapoteza.

Ndipo mkaanza kuimba. Na wewe, uliyeonywa, ukaimba.

Wimbo ule ule, Netta, ukaupotezea pale pale unapoupotezea siku zote. Nilisubiri utoke mlangoni. Haukutoka mlangoni. Ulitokea upande wangu wa kulia, nyuma ya ukuta, umbali wa mkono. Nilijua umekaa na Moira kwenye kizimba cha Isa, nikajisemea ni leo tu. Lakini mwili wangu ulikuwa unaijua sauti ile kwa upande ule. Nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nalo muda wote huu bila kulitazama: majira yale, wimbo ulikuwa unaanza nikianza kulia, na ulikuwa unakatika kila mikono ilipokuja juu ya ukuta. Mtu hawezi kuinua shuka lililojaa maji na kuimba kwa pamoja. Na Isa, maskini, hakuwa na pumzi ya kuimba wala ya kukamua.

Wimbo ukakatika. Nikainua mkono wangu. Sikuwaza, niliuinua tu. Na wewe badala ya kuzunguka mlangoni kama mtu mwenye adabu, ukanipitishia kitu juu ya ukuta. Kisigino cha mkate, jamu ya tangawizi.

Sikusema kitu mbele za watu, na Moira alikuwa hapo. Nilikula mpaka makombo. Ulipokuja kuniaga uwanja wa ndege ulisema, "Usinitazame hivyo," na mimi nilikuwa sikutazami, nilikuwa sikuoni. Nilikuwa nalia tu, ila umezoea kunisikia.

Basi sasa nasema, na Lorna analia hapa lakini ataandika. Asante, Netta. Asante kwa mashuka ya Alasdair. Hakuna mwingine aliyeyagusa baada yangu ila wewe. Asante kwa kukubali kuchukiwa. Nilikuombea kwikwi na wewe ulikuwa unanifunika. Nimemshukuru mtu mwingine miaka thelathini na tisa, nawe ukakipigia brashi kibao chenye jina lake.

Jina la Isa msiliondoe. Ni la Moira sasa, na Isa alilizomea tingatinga, kizimba anakistahili. Mimi nimefika kwa niliyetaka kumfikia, tena akiwa hai. Nilidhani nimechelewa. Mwambie Shona kwamba vile vibao vyake na sufu yake vimenipa kitu ambacho macho yangu mazima hayakunipa.

Effie


Glasgow, 2 Februari 1998

Lorna mwanangu,

Nakuandikia wewe, maana mama yako sitamwandikia tena. Barua za kusomewa na mtu wa tatu haziwezi matusi vizuri. Ndani ya bahasha utakuta kaseti.

Nimeirekodi Ijumaa, nikiwa kwenye kizimba cha Isa, saa ya supu, nyumba imejaa. Utamsikia Moira akilalamikia chumvi. Utawasikia watoto kwenye maji na wazee wa karata, wanaibiana kama kawaida. Shona alinishikia kinasa sauti, nilimpa salamu za mama yako, akatafuta pa kujificha. Mwambie mama yako akae, afumbe macho, ataona kila mtu alipo.

Kisha nimeimba. Beti zote. Fungeni dirisha, mna majirani.

Wimbo ukiisha usizime mashine. Kuna kimya kidogo, halafu nimemjibu lile aliloniambia. Sikuwahi kumjibu mtu jambo la namna hiyo maishani mwangu, na nilirudia mara tatu. Ni la mama yako peke yake. Likifika hapo, wewe nenda kachemshe chai, na umkatie kisigino cha mkate.

Netta Galbraith